Somo: Kuchora Ikoni Zako Mwenyewe na Kuziweka Kwenye Eneokazi la Windows

Katika steshenari ninayofanyia kazi, kompyuta moja hutumiwa na watu watatu kwa zamu, na kwa muda mrefu eneokazi lake (desktop) lilikuwa na folda kumi na nne za manjano zilizofanana kama punje za mahindi. Kulikuwa na folda ya barua, ya vyeti vilivyoskaniwa, ya picha za pasipoti, ya fomu za maombi na ya kazi ambazo hazijalipiwa, zote zikiwa na sura moja, na aliyetaka kuzitofautisha ilimbidi asome jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila moja. Siku moja, mteja akiwa amesimama kaunta na bodaboda ikimsubiri nje, mwenzangu alivuta picha za mteja huyo akaziangusha kwenye folda ya jirani bila kujua, nasi tukazitafuta karibu robo saa. Jioni ile nilikaa nikachora ikoni yangu ya kwanza, na leo hakuna anayesoma majina kwenye kompyuta ile. Mkono unakwenda wenyewe.

Somo hili linaeleza njia niliyoifuata, tangu kuchagua mchoro hadi kuuweka kwenye folda, katika Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kompyuta zetu nyingi zilivyowekwa. Kwa kuchora nitatumia GIMP, programu isiyo na malipo inayofanya kazi vizuri hata kwenye mashine za zamani.

Kabla ya yote: fahamu saizi

Watu wengi huanza kwa kuchora picha kubwa yenye kupendeza, wakaipunguza, kisha wakashangaa kuona doa lisilotambulika kwenye skrini. Ikoni huchorwa kwa ajili ya udogo wake, na jambo hili ndilo ninaloomba ulishike kuliko mengine yote katika somo hili.

Eneokazi la Windows huonyesha ikoni kwa saizi tatu za kawaida: ndogo ina pikseli (yaani vidoa vinavyounda picha) 32 kwa 32, ya wastani 48 kwa 48, na kubwa 96 kwa 96. Ukitaka kuziona, bofya mahali patupu kwenye eneokazi, shikilia Ctrl na uzungushe gurudumu la kipanya. Ndani ya folda iliyopangwa kwa orodha, ikoni hushuka hadi pikseli 16, na katika mwonekano mkubwa kabisa hufika 256. Isitoshe, ikiwa skrini yako imekuzwa hadi asilimia 125, ikoni ya 48 huonyeshwa kwa pikseli 60, na kwa asilimia 150 huonyeshwa kwa 72.

Kwa sababu hiyo, faili ya ikoni ya Windows, ambayo jina lake huishia na .ico, hubeba ndani yake picha kadhaa za umbo lile lile, kila moja kwa saizi yake, kisha Windows huchagua inayofaa. Ikiikosa, huchukua iliyopo na kuifinya au kuivuta, na hapo ndipo ukungu unapoingia. Picha ya 256 kwa 256 ina pikseli 65,536, ilhali ya 16 kwa 16 ina pikseli 256 tu, kwa hiyo kila pikseli ya ile ndogo inalazimika kusimama badala ya pikseli 256 za ile kubwa. Hakuna urembo mwembamba unaoweza kupita katika tundu hilo.

Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, na baadaye akashiriki kuchora zile za Windows 3.0 ya mwaka 1990, alianzia kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja ukiwa pikseli moja, kwa eneo la 32 kwa 32. Sisi tunayo karatasi hiyo madukani: ni daftari la hesabu la shule ya msingi. Nunua moja, chora fremu ya miraba 32 kwa 32, na ujaze miraba kwa penseli. Mchoro usiosomeka pale hautasomeka kwenye skrini, na penseli itakuambia hivyo mapema kabla hujapoteza jioni nzima kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Chagua umbo

Chagua kitu ambacho kivuli chake pekee kinatosha kukitambulisha. Jaribio langu ni kukijaza kitu chote kwa rangi nyeusi, bila mistari ya ndani, kisha kumwuliza mtu aliye karibu ni nini. Bahasha, ufunguo, jahazi, mwavuli na birika vinafaulu bila shida. Ungo haukufaulu: nilitaka kuutumia kwa folda ya kazi zinazosubiri kuchambuliwa, lakini kwa pikseli 32 mmoja aliuita sahani na mwingine akauita gurudumu, nikauacha na kuchukua kikapu chenye mikono miwili, ambacho kila mtu alikitambua.

Mfano ulionifundisha zaidi ni kasha. Kwa folda ya kumbukumbu za miaka iliyopita nilichora kasha la njumu, kama yale ya Zanzibar, nikalitia misumari ya shaba ipatayo arobaini usoni, droo tatu chini na nakshi pembeni. Kwenye pikseli 256 lilikuwa zuri mno. Kwenye pikseli 32 misumari ikawa vumbi la manjano na droo zikapotea. Nililichora upya kwenye daftari: sanduku la kahawia, kifuniko kilichojitokeza mraba mmoja kila upande, miguu miwili, na kufuli moja la miraba minne ya njano katikati. Vitu vinne tu, na hata aliye mbali na meza hutambua kuwa ni kasha.

Ukitaka mwongozo wa kupanga sehemu za mchoro, itazame kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Ikoni nayo inahitaji pindo, yaani mstari wa nje ulio mzito na wa rangi iliyokoza, ili umbo lisizame kwenye picha ya nyuma ya skrini, iwe nyeupe au nyeusi. Inahitaji mji, yaani kitu kimoja katikati kinachobeba maana. Ama jina, hilo Windows huliandika yenyewe chini ya ikoni, kwa hiyo usiandike maneno ndani ya mchoro. Herufi kwenye pikseli 32 hazisomeki, na zinanyang'anya nafasi.

Kuhusu rangi, tumia tatu au nne zilizoachana wazi. Usitegemee rangi pekee kutofautisha folda mbili, hasa nyekundu na kijani, kwa kuwa wapo watu wasiozitofautisha rangi hizo, nao pengine wanatumia kompyuta hiyo hiyo. Ikiwa folda za waliolipa na wasiolipa zote ni daftari, moja jekundu na jingine la kijani, ongeza alama ya umbo: moja liwe limefungwa, jingine wazi.

Hatua ya 2: Chora katika GIMP

Fungua GIMP, nenda File, kisha New, uandike 256 kwenye upana na 256 kwenye urefu. Fungua Advanced Options iliyo chini ya dirisha hilo, na kwenye Fill with uchague Transparency. Usipofanya hivyo, mchoro wako utakuwa na kiwambo cheupe nyuma yake, na ikoni itaonekana kama stempu iliyogandishwa kwenye skrini. Ukiona miraba ya kijivu iliyopishana kama ubao wa drafti, ujue uwazi upo.

Hamishia hapo mchoro wa daftari. Kwa kuwa 256 ni mara nane ya 32, kila mraba wa daftari unakuwa eneo la pikseli 8 kwa 8. Washa gridi kutoka View, Show Grid, na upange nafasi yake iwe pikseli 8 kupitia Image, Configure Grid, ili ufuate miraba yako bila kukisia. Acha ukingo mdogo kila upande, lakini usiwe mkubwa: ikoni inayoelea katikati ya eneo tupu huonekana ndogo kuliko wenzake.

Hifadhi kazi hii kwa File, Save, ili upate faili ya .xcf. Hiyo ndiyo faili mama. Siku utakapotaka kubadilisha rangi ya kufuli, utairudia hiyo.

Hatua ya 3: Tengeneza saizi ndogo, kisha uzirekebishe kwa mkono

GIMP huichukulia kila tabaka (layer) la picha, yaani kila mchoro uliolazwa juu ya mwingine, kuwa saizi moja ya ikoni. Ikiwa mchoro wako una matabaka mengi, yaunganishe kwanza yawe moja, kisha uhakikishe tabaka hilo lina ukubwa kamili wa picha kwa kutumia Layer, Layer to Image Size. Sasa lizidishe kwa Layer, Duplicate Layer, na nakala hiyo uipunguze kwa Layer, Scale Layer hadi pikseli 48. Rudia kwa 32, kwa 24 na kwa 16, kila mara ukianza na nakala ya ile ya 256, si nakala ya iliyokwisha kupunguzwa. Hizo tano, yaani 16, 24, 32, 48 na 256, zinatosha kwa matumizi ya kawaida. Ukitumia ikoni kubwa kwenye eneokazi, ongeza 96.

Usiharakishe hapa, kwa maana hapa ndipo ikoni nzuri inapopatikana. Ficha matabaka mengine kwa kubofya alama ya jicho, likuze tabaka la 16 hadi asilimia 1600, chukua Pencil kwa kubonyeza N, weka ukubwa wa ncha kuwa pikseli 1, na upange upya pikseli moja baada ya nyingine. Mstari wa pindo uliofifia ukawa kijivu urudishie weusi wake. Mguu wa kasha ulioangukia kati ya pikseli mbili usogeze ukae kwenye moja. Kinachosongamana kiondoe: kwenye 16, kufuli langu limebaki pikseli mbili, na miguu nimeifuta kabisa. Huhitaji kuwa mwaminifu kwa mchoro mkubwa. Unatakiwa kuwa mwaminifu kwa jicho la atakayeutazama.

Hatua ya 4: Toa faili ya .ico

Yaonyeshe tena matabaka yote, nenda File, Export As, andika jina kama vile kasha.ico na ubofye Export. Litafunguka dirisha linaloorodhesha kila saizi. Kwa kila moja acha chaguo la 32 bpp (biti 32 kwa kila pikseli) lenye alpha, yaani uwazi, ili kingo zibaki laini, na kwa ile ya 256 pekee weka alama kwenye Compressed (PNG). Bila kufinywa, picha hiyo moja huchukua zaidi ya kilobaiti 256, na ikifinywa hushuka sana.

Hatua ya 5: Ziweke mahali ambapo hazitahamishwa

Windows haiiingizi ikoni yako ndani ya folda unayoibadilisha sura. Huandika tu anwani ya mahali faili ya .ico ilipo, na kila mara huifuata huko. Mimi sikulijua hili mwanzoni. Nilizitumia zikiwa kwenye flashi, na nilipoichomoa na kuwasha kompyuta kesho yake, ikoni zangu zote zilikuwa zimetoweka na folda zimerudi kwenye umanjano wake.

Fungua folda moja kwa kazi hii, mfano C:\Users\Public\Ikoni, ambayo kila mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo anaweza kuisoma. Nakili faili zako zote humo kabla ya kuanza kuzitumia, na usibadilishe jina la folda hiyo tena. Nakala nyingine ya akiba, pamoja na zile faili mama, iweke nje ya kompyuta.

Hatua ya 6: Zivalishe folda na programu

Kwa folda, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, fungua kichupo cha Customize, kisha Change Icon, Browse, na uelekee kwenye folda ya Ikoni. Chagua faili, bofya OK, halafu Apply. Njia fupi ya kufika Properties ni kuichagua folda na kubonyeza Alt pamoja na Enter, jambo linalosaidia zaidi kwenye Windows 11 ambako menyu ya kitufe cha kulia imepangwa upya.

Kwa njia ya mkato ya programu (shortcut), yaani kielekezi cha kuifungulia, hatua ni hizo hizo, isipokuwa kichupo kinaitwa Shortcut na kitufe cha Change Icon kipo chini yake.

Kwa vitu vya Windows yenyewe, kama This PC na Recycle Bin, bofya mahali patupu kwenye eneokazi kwa kitufe cha kulia, chagua Personalize, kisha Themes, kisha Desktop icon settings. Recycle Bin ina ikoni mbili, ya pipa tupu na ya pipa lililojaa, kwa hiyo chora zote mbili. Kwenye dirisha hilo hilo ondoa alama iliyo kwenye Allow themes to change desktop icons, la sivyo siku utakapobadilisha mandhari ya skrini, mandhari mapya yanaweza kukufutia kazi yako.

Ikiwa hujachora bado na unataka tu kujifunza hatua hii, Windows inazo ikoni nyingi tayari. Kwenye kisanduku cha anwani cha Change Icon andika C:\Windows\System32\imageres.dll au C:\Windows\System32\shell32.dll na ubonyeze Enter, uone hazina iliyomo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, shikamoo. Nimefuata hatua zote, lakini folda bado inaonyesha ikoni ya zamani, ijapokuwa ndani ya Properties ile mpya inaonekana. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hukukosea. Windows huhifadhi nakala za ikoni ilizokwisha kuzionyesha ili isizisome upya kila mara, na wakati mwingine hung'ang'ania ile ya kale. Anza kwa kubonyeza F5 kwenye eneokazi. Ikikataa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show na ubonyeze Enter. Ikikataa tena, funga kazi zako zote, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike amri hizi tatu, moja baada ya nyingine:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a /q "%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer\iconcache*"
start explorer.exe

Baada ya amri ya kwanza eneokazi lote litatoweka. Usishtuke, ya tatu italirudisha, na Windows itazijenga upya nakala hizo.

Mwanachama wa Mombasa: Mimi nilikuwa na picha ya PNG, nikaibadilisha jina ikawa .ico, lakini Windows inasema faili haina ikoni. Je, si ni sawa?

La, ndugu yangu. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo, sawasawa na kubandika lebo ya sukari kwenye mfuko wa chumvi. Ifungue PNG hiyo katika GIMP na uitoe upya kwa Export As kama nilivyoeleza. Na kama ilikuwa JPEG, kumbuka kuwa JPEG haibebi uwazi, hivyo itakubidi uondoe usuli wake kwanza kwa kuongeza Alpha Channel na kufuta sehemu ya nje ya mchoro.

Mwanachama wa Dodoma: Kwenye njia za mkato kuna kimshale kidogo kinachoharibu mchoro wangu kwenye kona ya chini kushoto. Ninawezaje kukiondoa?

Kinaondoleka kwa kubadilisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, lakini nakusihi ukiache, na nitakueleza sababu. Mshale ule ndio unaokuambia kuwa ulichokishika ni kielekezi tu, wala si kitu chenyewe. Katika kazi yetu wapo wateja waliokuja na flashi zao, wakanakili wenyewe kutoka kwenye eneokazi la ofisini kwao ikoni ya barua ya maombi, wakaifikisha kwetu ikachapwe, na tulipoifungua haikuwamo barua, bali kilobaiti moja au mbili za anwani ya kompyuta waliyoiacha nyuma. Nimemwona mama mmoja akirudi kwa daladala hadi ofisini kwake kwa sababu hiyo, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Badala ya kuuondoa mshale, chora ikoni zako ukijua kona hiyo si yako, na uweke maana ya mchoro katikati na juu.

Mwanachama wa Nairobi: Ningependa folda iliyo kwenye flashi yangu ibaki na ikoni yake hata nikiichomeka kwenye kompyuta nyingine. Inawezekana?

Inawezekana. Unapobadilisha ikoni ya folda, Windows huandika faili iliyofichwa ndani yake iitwayo desktop.ini. Weka faili ya .ico ndani ya folda hiyo hiyo, fungua desktop.ini kwa Notepad, na uhakikishe ina mistari hii miwili:

[.ShellClassInfo]
IconResource=kasha.ico,0

Angalia kwamba mbele ya jina hakuna herufi ya diski wala njia yoyote, kwa kuwa flashi yako inaweza kuitwa E: hapa na G: kule. Kisha kwenye Command Prompt andika attrib +r "E:\Kumbukumbu", ukiweka herufi na jina la folda yako, kwa sababu bila alama hiyo Windows haitaisoma desktop.ini.

Mwanachama wa Mwanza: Nimepakua mkusanyiko wa ikoni kutoka intaneti, na umekuja kama faili ya .exe. Je, niifungue?

Usiifungue. Ikoni ni picha, na picha haihitaji kusakinishwa. Mkusanyiko wa kweli huja kama faili za .ico au .png, mara nyingi zikiwa zimefungwa kwenye .zip. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi wetu tunavifahamu virusi vya flashi ambavyo huficha folda zako halisi na kuweka mahali pake programu zilizovaa ikoni ya folda ya manjano, zenye majina yale yale. Mtu hubofya akidhani anafungua folda, kumbe anawasha kirusi. Washa maonyesho ya viambishi vya majina ya faili: kwenye Windows 11 ni View, Show, File name extensions, na kwenye Windows 10 ni kichupo cha View juu ya dirisha. Folda ya kweli haina .exe mwishoni mwa jina lake. Na hapa ikoni zako mwenyewe zinakupa faida ambayo pengine hukuitarajia: folda uliyoivalisha kasha ikitokea siku moja imerudi kuwa ya manjano, ujue kuna kitu cha kuchunguza kabla ya kuibofya.

Mwanachama wa Kigoma: Je, naweza kubadilisha ikoni ya waraka mmoja tu wa Word, si wote?

Kwa waraka wenyewe haiwezekani kwa njia ya kawaida, kwa kuwa Windows hutoa ikoni kwa aina ya faili, si kwa faili moja moja. Utengenezee waraka huo njia ya mkato kwenye eneokazi, kisha uvalishe ikoni njia hiyo. Lakini tafadhali rudia jibu nililompa mwenzetu wa Dodoma kabla ya kumpa mtu njia hiyo kwenye flashi.

Mwanachama wa Zanzibar: Mimi si mchoraji wa kompyuta, ila nachora vizuri kwa kalamu. Nikipiga picha mchoro wangu kwa simu, nitaweza kuutumia?

Utaweza, dada yangu, na pengine ikoni zako zitakuwa na uhai kuliko za wengi wetu. Chora kwa kalamu nzito nyeusi kwenye karatasi nyeupe, uipige picha mchana karibu na dirisha pasipo kivuli cha mkono, na uhamishie kwenye kompyuta. Ifungue katika Inkscape, ambayo nayo haina malipo, uichague, na utumie Path, Trace Bitmap. Programu itageuza wino wako kuwa umbo linaloweza kukuzwa na kupunguzwa bila kuharibika. Futa ile picha ya simu iliyobaki chini yake, jaza rangi, toa PNG ya pikseli 256, kisha endelea na hatua ya 3. Kalamu nyembamba usiitumie. Mistari yake hukatika.

Mwanachama wa Arusha: Kompyuta yangu ni ya zamani, ina RAM ya gigabaiti 4. Ikoni hizi hazitaifanya iwe nzito?

Hazitaifanya. Faili ya .ico husomwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye ile akiba niliyoitaja, na ukubwa wake ni makumi machache tu ya kilobaiti. Zinazolemea kompyuta ni programu za kubadilisha sura ya Windows zinazobaki zikifanya kazi muda wote nyuma ya pazia. Kwa njia ya somo hili huhitaji programu yoyote ibaki imewashwa.

Mwanachama wa Kampala: Kompyuta ya ofisini haina ruhusa ya msimamizi. Nimeweza kubadilisha baadhi ya ikoni, nyingine zinakataa. Kwa nini?

Eneokazi unaloliona ni mchanganyiko wa folda mbili. Moja ni yako, na humo unaweza kubadilisha chochote. Nyingine ni ya watumiaji wote, C:\Users\Public\Desktop, na mabadiliko yake huhitaji ruhusa ya msimamizi. Njia za mkato zinazokataa bila shaka zimo katika hiyo ya pili. Tengeneza njia yako ya mkato ya programu hiyo hiyo kwenye eneokazi lako, uivalishe ikoni uitakayo, na ile ya pamoja uiache ilivyo, kwa kuwa wenzako nao wanaitumia.